Mtumbwi wa Lushebere: Kasoro Huzibwa, Hazifichwi

LUSHEBERE, Masisi. – Kwa muda wa miezi miwili watoto wa hapa walimwita Nuhu. Kila waliporudi kutoka chemchemi na bidoni zao kichwani, walisimama kwenye uzio wa miti, wakachungulia uani, na kuuliza swali lile lile: "Papa, ziwa liko wapi?" Naye alijibu bila kuinua kichwa: "Ziwa liko chini kule. Huu mtumbwi utalifuata."

Watoto hawakukosea kuuliza. Lushebere iko milimani, karibu na mji wa Masisi, kati ya malisho ya ng'ombe, mashamba ya maharage na migomba. Ukitaka kuyagusa maji ya Ziwa Kivu, uteremke kwanza mpaka Sake, kisha ufuate ukingo wa ziwa kupitia Kirotshe na Shasha hadi Bweremana. Mlimani kama hapa watu hutengeneza viti, milango, vitanda na majeneza. Mtumbwi ni kitu cha kule chini.

Lakini fundi huyu, baba wa watoto watano, alirudi kutoka ukimbizini na ufundi mpya mikononi. Vita vilipowasukuma watu wa Masisi kuelekea Goma, yeye na familia yake walijikuta Bulengo, kambi iliyokuwa magharibi mwa mji, kando ya ziwa. Vifaa vyake vya useremala vilibaki nyumbani. Mle kambini hakukuwa na mtu wa kuagiza kiti wala mlango. Siku moja aliteremka ufukweni kutafuta kibarua, akakuta mzee mmoja anakarabati mtumbwi wa wavuvi wa sambaza. Mzee alimpa kipande cha chupa iliyovunjika, akamwambia akwangue rangi ya zamani. Kwa kazi ile alipata samaki wa siku moja. Kesho yake alirudi, na keshokutwa pia. Akadumu pale karibu mwaka mzima.

Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, familia nyingi zilishika njia ya kurudi vijijini. Yake ilikuwa mojawapo. Walipofika Lushebere waliikuta nyumba imesimama, lakini mabati hayapo. Mama watoto alifunga turubai juu ya chumba kimoja, wote saba wakalala humo. Miezi kadhaa baadaye mpwa wake, kijana wa dada yake anayefanya biashara ndogondogo kati ya Masisi na ziwa, alileta habari kwamba kuna familia ya wavuvi Bweremana inayotafuta mtumbwi mpya. Mbao huku milimani ni rahisi kuliko kule chini. Wavuvi walituma malipo ya kwanza. Sehemu iliyobaki ingelipwa mtumbwi ukishafika. Hesabu ya mama watoto ilikuwa fupi: malipo ya kwanza ni mbao na misumari, malipo ya pili ni mabati.

Hivyo ndivyo mtumbwi ulivyozaliwa mahali pasipo na ziwa.

MKONO HUONA KULIKO JICHO

Kugongelea mbao ni kazi ya kelele, na watu hupenda kuitazama. Kitako kilipata umbo, mbavu zikasimama, mbao za pembeni zikapindwa kwa maji ya moto na kufungwa. Baada ya wiki tano majirani walisema, "Umekwisha." Fundi akawajibu kwamba sasa ndipo anaanza.

Alichomaanisha ni kazi ya kumalizia, ile isiyo na kelele. Mtumbwi uliogongelewa hivi karibuni una makovu mengi: nyundo iliyoteleza, msumari uliopinda na kung'olewa, randa iliyonyanyua nyuzi za mti, jicho la ubao lililolegea, ufa uliofunguka kwa sababu ubao ulikauka upesi upande mmoja. Mkalitusi hasa una tabia hiyo. Ukiuanika juani ukiwa mbichi, unapasuka na kujipinda kana kwamba umekasirika. Kila kovu lina dawa yake, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine.

Kwanza alizitafuta. Mchana jua likiwa juu, ubao huonekana sawasawa hata kama una mabonde. Kwa hiyo alingoja jioni. Giza lilipoingia, mpwa wake alishika tochi ya simu chini kabisa, ikimulika ubavu wa mtumbwi kwa mshazari. Kila kibonde kikatoa kivuli, kila kinundu kikang'aa upande mmoja. Fundi alikuwa na kipande cha mkaa, akawa anazungushia duara kila kasoro. Kisha alizima tochi, akafumba macho, akapitisha kiganja polepole kutoka mbele hadi nyuma. Mzee wa Bulengo alimfundisha kwamba kiganja huhisi kitu ambacho jicho limekwisha kukizoea. Mwisho alifuta ubao wote kwa kitambaa chenye maji. Ubao uliolowa huonyesha mikwaruzo, na pia huonyesha madoa ya kole, kwa sababu palipo na kole maji hayaingii na rangi ya ubao haibadiliki.

Asubuhi mtumbwi ulikuwa na maduara kama chui. Mpwa akasikitika. "Mjomba, tumeharibu hivi?"

"Hatujaharibu. Tumejua."

KILA KOVU NA DAWA YAKE

Alianza na yale mepesi. Mahali ambapo nyundo iliuponda ubao, nyuzi za mti zilikuwa hazijakatika, zilibanwa tu. Hapo hakujaza kitu. Aliweka kitambaa chenye maji juu ya kibonde, akakandamiza kwa pasi ya mkaa iliyoazimwa kwa fundi cherehani wa jirani. Mvuke uliingia kwenye nyuzi, zikavimba, kibonde kikapanda chenyewe. Watoto waliona kama uganga.

Mikwaruzo aliikwangua kwa kipande cha chupa, kisha akasugua kwa msasa kufuata nyuzi za mti, kamwe si kwa kuzikata. Msasa aliuzungushia kibao kidogo. Mpwa alipojaribu kusugua kwa vidole vitupu, fundi alimzuia. Vidole hufuata ulaini: hula ubao laini upesi, huacha sehemu ngumu juu, na mwisho wake ni mtumbwi wenye mawimbi hata kabla haujaona ziwa.

Matundu ya misumari iliyong'olewa aliyaziba kwa vijiti vya mti ule ule, vilivyochongwa na kupakwa rangi ya mafuta, vikapigwa vikaingia kwa nguvu, kisha vikakatwa sawa na ubao. Nyuzi za kijiti zielekee ndani ya tundu, ili kijiti kikivimba kwa maji kibane zaidi.

Nyufa zilitaka subira. Ufa mfupi aliufuatilia hadi mwisho wake, akatoboa kitundu kidogo pale unapoishia ili usiendelee kukimbia, akautoa vumbi kwa ncha ya kisu, na kuuacha ukauke siku mbili chini ya kibanda. Baada ya hapo aliusokota pamba iliyolowekwa mafuta, akaishindilia ndani kwa patasi butu, akafunika kwa gudro ya moto. Ubao mmoja ulikuwa na ufa uliopita kutoka upande hadi upande. Huo hakuutibu. Aliung'oa wote akaweka mwingine, ingawa mpwa alihesabu kwa sauti bei ya ubao ule.

Ufundi huu si wa Kivu peke yake. Kwenye pwani ya Waswahili, Lamu na Unguja, mafundi wa majahazi huita kazi ya kushindilia pamba katikati ya mbao kukalafati, na kitako cha chombo hupakwa shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasikile. Mbali zaidi, huko Greenland, watu wa barafu walijenga kayaki kwa ngozi za sili zilizoshonwa juu ya kiunzi, na kasoro yao kubwa ilikuwa mshono unaovuja. Leo Ulaya na Marekani wapo watu wanaojijengea kayaki nyumbani kwa vipande vyembamba vya mbao, wakavifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ngumu iitwayo epoksi. Hao nao hupigana na viputo, matone yaliyoganda na mabonde. Husugua, hujaza, husugua tena, kwa tabaka nyembamba, wakingoja kila moja ikauke. Vifaa ni tofauti, ila sheria zinafanana: safisha kwanza, kausha, jaza kidogo kupita usawa, kisha rudisha kwenye usawa.

Mzee wa Bulengo alikuwa na sheria moja zaidi, na aliisema kila siku mpaka wanafunzi wake wakaichoka: kitakachokaa juu ya maji unaweza kukitibu kama kiti, kitakachokaa chini ya maji ukitibu kama mtoto.

LORI LA JUMAMOSI

Habari ilikuja siku ya Jumatatu: lori lingeteremka kuelekea Sake Jumamosi, likiwa na nafasi juu ya magunia ya maharage. Dereva alikubali kuubeba mtumbwi. Lori jingine halikujulikana lingepita lini. Watu wa Masisi wanajua barabara yao. Mvua inaweza kuikata kesho, vita vinaweza kuikata leo, na kwenye kila kizuizi mzigo mgeni huzaa maswali na malipo.

Mama watoto aliposikia Jumamosi, aliitazama turubai. Ilikuwa imeanza kuchanika kwenye kona, na mvua za usiku zilikuwa zimerudi. Hakusema kitu. Alihamisha tu godoro la watoto kidogo kuelekea ukutani.

Fundi aligawa kazi. Yeye angekaa kwenye viungo vya mbao upande wa nje. Mpwa angesugua upande wa ndani na kuandaa rangi. Usiku wa Jumanne mpwa alikuwa bado na tochi uani wakati wengine wamelala. Asubuhi kitako chote upande wa nje kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu, laini kama sahani. Fundi alipitisha kiganja. Hakuhisi kinundu wala kibonde. "Umefanya vizuri," alisema, na kijana akatabasamu.

Ilibaki kuujaribu. Kando ya ziwa unausukuma mtumbwi majini, unaufunga kwa kamba na kuutazama. Huku mlimani ilibidi ziwa liletwe uani. Waliuweka mtumbwi juu ya magunia yaliyojazwa udongo, yakipangwa karibu karibu, kwa kuwa maji ni mazito na mtumbwi mtupu uliotegemezwa vibaya huvunjika mgongo. Kisha watoto wote wa mtaa waliitwa. Bidoni ya kwanza, ya pili, ya kumi. Zilipofika ishirini, maji yalikuwa yamefika kiasi cha shubiri ndani ya mtumbwi. Fundi alipaka majivu makavu upande wa nje, kwenye viungo vyote. Majivu yakilowa hubadilika rangi, na hata tone dogo haliwezi kujificha.

Saa ya kwanza ilikuwa ya aibu. Viungo vingi vilitoa jasho. Majirani waliguna. Mzee mmoja aliyekuja kutazama akasema mtumbwi huu ni kichujio cha kasiksi. Fundi hakushtuka. Mbao zilizokauka hewani hunywa maji kwanza, huvimba, kisha hubanana. Mtu anayeshindilia pamba kwa nguvu mno kwenye mbao kavu anaweza hata kusababisha mbao zisukumane na kung'oa misumari zinapovimba. Kwa hiyo jasho la siku ya kwanza husamehewa. "Tutazame kesho," alisema.

Na kweli, Alhamisi asubuhi majivu yalikuwa yamekauka karibu kila mahali. Viungo vilikuwa vimefunga. Watoto walipiga makofi. Mpwa alikuwa tayari ameanza kutafuta kamba za kufungia mzigo.

Ndipo msichana mdogo wa fundi, aliyekuwa amelala kifudifudi chini ya mtumbwi akichezea majivu, akasema: "Papa, hapa kunalia."

PALIPOKUWA LAINI KULIKO POTE

Tone lilikuwa linatoka mahali ambapo jana palikuwa pakavu kabisa. Hapakuwa na kiungo hapo wala msumari. Palikuwa katikati ya ubao wa kitako, chini ya rangi ya bluu, mahali laini kuliko pote.

Fundi aliinama, akatazama kwa muda. Tone likaanguka. Likaja jingine, upesi kuliko la kwanza. Aliweka kidole gumba juu ya rangi na kubonyeza polepole. Rangi ikabonyea kama ngozi ya ndizi iliyoiva. Alipoongeza nguvu, kidole kilizama, na maji yakatoka kwa mkondo mmoja, yakichukua uji mweupe uliochanganyika na unga wa mbao.

Hakuuliza ni nani. Alimtazama mpwa wake, na mpwa akatazama chini.

"Lilikuwa jicho la ubao, mjomba," alisema baadaye. "Lilianguka lenyewe nilipokuwa nasugua. Nikaona tukibadilisha ubao lori litatuacha. Nikachanganya unga wa mbao na kole nyeupe, ile ya viti. Ilikauka ikawa ngumu kama jiwe. Nikaisugua, nikapaka rangi. Hata wewe uligusa, hukujua."

Kila neno lilikuwa kweli. Unga wa mbao na kole nyeupe ni dawa nzuri ya kiti. Ni dawa nzuri ya mlango wa ndani. Inakauka ngumu, inasuguliwa vizuri, inapokea rangi. Kosa lake ni moja tu: kole ile ikikaa ndani ya maji hulainika na kurudi kuwa uji. Haifanyi hivyo saa ya kwanza. Humngoja mwenye mtumbwi aiamini, ndipo inapomwacha.

Wote waliokuwa uani walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anafanya hesabu ile ile. Siku ya kwanza mtumbwi ungefika Bweremana, ungeingizwa majini, ungeonekana mkavu. Wavuvi wangelipa. Usiku wangetoka na taa zao kutafuta sambaza. Labda usiku wa pili, labda wa tatu, mbali na ufukwe, tundu la ukubwa wa kidole gumba lingefunguka chini ya miguu yao.

Watu wa Masisi waliokaa Goma hawahitaji kuelezwa ziwa ni nini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyokuwa ikitoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, na kila aliyetaka kupita na mzigo wake alilazimika kupita majini. Makumi ya watu walikufa, na kambini Bulengo vilio vilisikika kwenye mahema mengi. Boti ile haikutobolewa na kole. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Lakini fundi alibaki na jambo moja kichwani tangu siku ile: abiria wale walipanda kwa sababu mbele yao kulikuwa na boti, na mtu aliyeiona boti haoni kilichofichwa ndani yake. Anawaamini waliokuwepo kabla yake.

"Niligusa mimi," fundi alimwambia mpwa wake. "Nikakusifu. Kosa ni letu wawili. Lakini safari nyingine jicho likianguka, uniamshe, hata kama ni saa nane za usiku."

"Na lori?"

Fundi alimtazama mama watoto. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mdogo mgongoni, na nyuma yake turubai ilikuwa inapigwapigwa na upepo. Yeye ndiye mwenye haki ya kujibu, maana mabati yalikuwa yake. Alichukua muda. Kisha akasema: "Hao wa Bweremana nao wana watoto." Akaingia ndani.

SIKU KUMI NA MOJA

Jumamosi lori lilipita. Dereva alipiga honi mara mbili, akasubiri kidogo, akaenda na maharage yake.

Mtumbwi ulimwagwa maji, ukapinduliwa, ukaachwa chini ya kibanda. Ubao uliolowa haupokei dawa yoyote: pamba huoza, gudro haishiki, rangi hutoa malengelenge. Siku nne zilipita kwa kungoja tu, na kungoja ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu anayelala chini ya turubai. Wakati huo fundi alikwangua rangi yote ya bluu ya kitako, yote, akiwa na mpwa upande wa pili. Alitaka kujua kama kuna mahali pengine palipotibiwa kwa kole. Palikuwa pawili. Mpwa alimwonyesha mwenyewe kabla hajapafikia.

Hawakuubadilisha ubao. Tundu la jicho lilikatwa likawa na umbo la mraba wenye kingo safi, mpaka kwenye mti mzima, kwa kuwa jicho likianguka mti unaolizunguka mara nyingi nao ni dhaifu. Kikachongwa kiraka cha mti ule ule, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ubao, kipana zaidi upande wa nje ili maji yasiweze kukisukuma kiingie. Kingo zilipakwa rangi nzito ya mafuta, pamba ikazungushwa, kiraka kikapigwa hadi kikakaa. Kwa ndani ukaongezwa ubao wa pili juu yake, ukashikwa kwa misumari iliyopindwa ncha. Juu ya yote, gudro.

Rangi mpya walipopaka, fundi alifanya jambo lililomshangaza mpwa. Mahali pa kiraka hakupasugua mpaka papotee. Aliacha kingo zake zionekane kidogo chini ya rangi.

"Mjomba, pale panaonekana."

"Ndiyo. Mwenye mtumbwi ajue pa kutazama kila asubuhi."

Bidoni ishirini zilirudi. Siku ya kwanza viungo vilitoa jasho. Siku ya pili vikafunga. Siku ya tatu fundi alimwambia binti yake alale tena chini ya mtumbwi na kutafuta panapolia. Alitafuta mpaka akasinzia pale pale, majivu shavuni.

Lori jingine lilipatikana siku kumi na moja baada ya lile la kwanza. Usiku mbili katika hizo mvua ilinyesha mpaka asubuhi, na familia ilisimama kwenye kona moja ya chumba, watoto wakiwa wamefunikwa kwa gunia. Mtumbwi ulikuwa mkavu chini ya kibanda. Jirani mmoja alisema kwa mzaha kwamba wangelala humo. Mama watoto alicheka, kisha akawaingiza kweli watoto wawili ndani ya mtumbwi, na wakalala vizuri.

Sasa hivi uani kwa fundi pamebaki magunia ya udongo na alama ya majivu chini. Juu ya chumba kimoja kuna mabati mapya sita. Chumba cha pili bado kina turubai. Mpwa aliyeusindikiza mtumbwi hadi Bweremana alirudi na ujumbe kutoka kwa wavuvi. Waliuliza kiraka kile ni cha nini, naye akawaeleza yote, pamoja na kole, pamoja na usiku ule wa tochi. Walinyamaza, wakanong'onezana. Kisha wakaagiza mtumbwi wa pili.

KWA WANAOSAFIRI MAJINI

Familia nyingi zinazosikia habari hizi bado zinavuka ziwa, kutafuta ndugu, chakula au njia ya kurudi nyumbani. Fundi wa Lushebere ana maneno machache kwao, ya kutazama kabla ya kuweka mguu ndani.

Tazama kama kuna mtu anachota maji ndani ya mtumbwi kabla haujaondoka. Maji kidogo ni ya kawaida. Maji yanayorudi upesi baada ya kuchotwa si ya kawaida.

Tazama rangi. Mtumbwi uliochakaa wenye doa moja la rangi mpya kitakoni una habari ya kueleza. Muulize mwenyewe. Asiyekasirika kwa kuulizwa ndiye wa kusafiri naye.

Bonyeza kwa kidole gumba mahali palipotibiwa. Pakiwa pagumu, vema. Pakibonyea, shuka.

Hesabu watu na mizigo. Hakuna kiraka kinachoweza kuutibu mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi, na ukingo wake ukikaribia kulingana na maji, subiri unaofuata.

Na kama ni lazima kupoteza siku, poteza siku.